Vituo vya klorini kando ya Ziwa Kivu: shajara ya mradi wetu Goma, Oktoba 2024 hadi Julai 2025

Tunaandika shajara hii kwa ajili ya vikundi vidogo kama chetu ambavyo vinataka kuanzisha vituo vya klorini, vya kutia dawa maji ya kunywa, na havina fedha za mashirika makubwa. Ofisini tuko watu watano, na vituoni wanafanya kazi wajitolea kumi na sita, wengi wao akina mama. Tutakuwa tunaongeza sehemu kila hatua inapokamilika. Bei zote ni zile tulizolipa sisi, na makosa yote ni yetu.

14 Oktoba 2024: meza za kwanza

Leo vituo vyote 8 vimeanza kazi, kuanzia Kituku hadi Bulengo. Kituo chenyewe ni meza ya mbao, mwavuli, ndoo ya klorini iliyoyeyushwa yenye kifuniko, bomba la sindano lisilo na sindano, na watu wawili. Anayepanda kutoka ziwani na bidoni yake ya lita 20 anasimama, anawekewa dozi, anaambiwa asinywe kabla ya nusu saa, anaendelea na safari. Halipi kitu.

Wasiolijua eneo hili huuliza kwa nini tusichimbe visima. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano na jembe haliendi popote. Mabomba ya mji hayafiki kartye (mitaa) nyingi, na kambi za wakimbizi wa ndani ndiyo kabisa, hasa tangu Februari 2024 vita vilipousogelea mji wa Sake na watu wakamiminika huku. Kwa hiyo watu wanachota ziwani, pale pale wanapofulia na kuoshea watoto, na kipindupindu kinazunguka humo humo.

Kituku bado kuna simanzi. Tarehe 3 mwezi huu mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na gati, ikiwa imejaza watu kupita kiasi kwa sababu barabara ya Sake imefungwa na vita. Mmoja wa mama zetu wa Kituku alimpoteza jirani yake pale. Leo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshafika mezani.

Gharama za kuanza: meza na miavuli dola 176, ndoo moja kubwa ya HTH (unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70) ya kilo 45, dola 210, vipima klorini viwili pamoja na tembe zake, dola 80, mabomba ya sindano, ndoo ndogo, glavu na barakoa, dola 118. Jumla dola 584. Posho ni dola 2.5 kwa mtu kwa siku, yaani dola 1,200 kwa mwezi. Anayepanga bajeti aangalie hapo vizuri. Klorini ni rahisi sana, ghali ni watu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kuhusu makaratasi, tumesajiliwa chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inayohusu mashirika yasiyo ya faida. Safari za ofisi hadi ofisi sizisimulii. Piga nakala sita za kila karatasi yenye muhuri, na usiziweke zote kwenye jengo moja.

2 Novemba 2024: dozi yetu ilikuwa ya maji mengine

Tumefanya kazi wiki karibu tatu kwa dozi isiyofaa, na ninaeleza kirefu kwa sababu kosa hili ni rahisi mno kurudiwa.

Myeyusho wetu ni wa asilimia 1: gramu 15 za HTH kwa lita moja ya maji, sawa na kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Kijiko kiwe cha plastiki, maana klorini inakula chuma. Ukikoroga, acha chokaa itulie chini, kisha tumia maji ya juu tu, la sivyo bomba la sindano litaziba kila baada ya bidoni kumi.

Hayo tuliyafanya sawasawa. Dozi ndiyo tuliyoinakili: mililita 2 kwa bidoni, kutoka kwenye karatasi ya mradi uliokuwa ukitibu maji ya chemchemi milimani Masisi. Maji ya chemchemi yanatoka safi na hayana ukali. Maji ya Ziwa Kivu ni mengine kabisa. Nilipotia tembe nyekundu ya kupimia pH, yaani uchachu au ukali wa maji, rangi ilikolea hadi ikapita mwisho wa kipimo, ambao ni 8.2. Uso wa Kivu una pH inayokaribia 9, na kwenye maji ya namna hiyo klorini inaua vijidudu polepole sana. Inahitaji muda mrefu zaidi na ibaki nyingi zaidi. Nusu saa tuliyokuwa tukiwaambia watu haikutosha.

Tulichofanya ndicho tulichopaswa kufanya siku ya kwanza. Tulichukua bidoni tano za maji ya Kituku, yaliyochotwa mahali wanapochota watu, si kule katikati maji yanakong'aa. Tukatia mililita 2, 3, 4, 5 na 6, tukasubiri saa nzima, kisha tukapima klorini iliyobaki, kwa miligramu kwa lita. Ya 2 ilisoma sifuri. Ya 3 ilionyesha waridi hafifu, 0.1. Ya 4 ilitoa 0.5, ya 5 ikatoa 1.0 na ya 6 ikatoa 1.5. Tungeweza kuchagua 4. Tumechagua 5, na sababu tuliipata mchana ule ule.

Tulifuata bidoni kumi na mbili hadi majumbani na kuzipima tena baada ya saa sita. Tisa zilisoma sifuri. Mama mmoja wa Keshero alinipa bidoni yake ya njano niangalie, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Ukuta mzima ulikuwa na utelezi wa kijani, kama jiwe lililokaa mtoni. Klorini yote ilikuwa inaishia kupambana na ule utelezi kabla hata ya kuyagusa maji. Bidoni nyingine zilibeba mawese kabla ya kubeba maji, na mafuta nayo yanakula klorini.

Sasa kila kituo kina rundo la changarawe za lava. Unatia viganja viwili vya changarawe, kikombe cha myeyusho na maji lita mbili, unatikisa hadi mkono uchoke, unamwaga, unasuuza mara mbili. Tulidhani watu wataona ni usumbufu. Foleni ya kuoshea bidoni ikawa ndefu kuliko ya dozi, maana kila mama alipoona kilichotoka kwenye bidoni ya mwenzake alitaka kujua kilichomo kwenye ya kwake.

Harufu imezidi, na wapo wanaonung'unika kwamba chai inanuka dawa ya kufulia. Tunawaambia waache bidoni wazi kidogo jioni kabla ya kuchemsha. Wengi wamekubali.

9 Desemba 2024: njia ya chukudu

Kwa miezi miwili hatukuwafikia wachotaji wa kuuza. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, anapakia bidoni nane au kumi, ana haraka, na akishaanza kusukuma mlimani hasimami. Maji yake ndiyo yanayonywewa kartye za juu, mbali na ziwa. Tulijaribu kuwasihi wasimame, haikusaidia. Tukajaribu kuwapa vibandiko vya "maji yametiwa dawa", na siku ya tatu tukaviona kwenye chukudu ambazo hazijawahi kutufikia.

Kilichofaa ni kusogeza meza mita kumi na tano, hadi pale wanapopakia. Sasa dozi inatiwa bidoni ikiwa bado chini na mwenyewe anafunga kamba. Hakuna anayepoteza hata dakika moja, na vibandiko tumeviacha. Kituku peke yake imepanda kutoka bidoni 430 hadi 700 kwa siku. Wastani wa vituo vyote ni kama 600. Bidoni 600 kwa mililita 5 ni lita 3 za myeyusho, sawa na gramu 45 za unga. Ndoo ya kilo 45 inatulisha vituo vyote 8 kwa zaidi ya miezi minne.

18 Januari 2025: depo

Masisi imechukuliwa mwanzoni mwa mwezi na kambi zinajaa upya. Tumekodi chumba kwa dola 60 kwa mwezi kiwe depo, na tumeweka utaratibu mkali baada ya vikombe vitatu vya unga kupotea. Unga wote unakaa depo chini ya ufunguo mmoja. Kila asubuhi kila kituo kinatuma mtu kuchukua lita 5 zilizokwisha koroga. Unga hauruhusiwi kulala nyumbani kwa mtu. Anayepima dozi ni mimi au mwenzangu wa ofisini. Posho inalipwa kwa siku zilizofanyiwa kazi, kwa saini, mwisho wa mwezi.

8 Februari 2025: siku za vita

Nimechelewa kuandika. Intaneti na umeme ndiyo kwanza vinarudi kwa kusuasua.

Minova iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 21 Januari, Sake tarehe 23. Umeme ulikatika, pampu za maji za mji zikasimama, na mji mzima ukashuka ziwani na bidoni. Jumatatu tarehe 27 M23 waliingia Goma. Siku zilizofuata zilikuwa za risasi na mabomu ndani ya kartye, hospitali zikajaa majeruhi hadi sakafuni, watu walizikwa wengi. Wote tunamjua mtu aliyezikwa. Hapa ninaandika yale tu yanayohusu mradi.

Kila kilichowekwa mahali pamoja kilikufa pamoja. Depo haikufikika kuanzia Ijumaa tarehe 24. Mwenye ufunguo alikuwa upande wa pili wa mji. Wezi walivunja wiki hiyo hiyo, wakabeba meza za akiba, baiskeli, hata bati za upande mmoja. Ndoo ya HTH waliitaka kwa ajili ya ndoo yenyewe: waliumwaga unga sakafuni, karibu kilo 20, wakaondoka na ndoo. Usiku mvua ikaingia pale palipotolewa bati. Asubuhi jirani walikuwa wanakohoa na macho yanawachuruzika, wakadhani ni bomu la gesi. Ikibidi kusafisha unga kama huo, fungua milango yote, funga pua na mdomo, zoa ulio mkavu kwa koleo la plastiki, tia kwenye ndoo kavu za plastiki. Usitumie vumbi la mbao wala matambara yenye mafuta, vinashika moto. Ulioloa utenge. Tuliokoa kilo 11 zilizoonekana kavu.

La posho linaniuma zaidi. Tulikuwa tunalipa kwa siku zilizofanyiwa kazi. Jumatatu tarehe 27 kijana wetu wa kituo cha Himbi alitoka nyumbani risasi zikilia, akaenda mezani, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia na hakutaka kukatwa. Kipande cha bomu kilimchana paja. Anaendelea vizuri, anatembea kwa gongo. Hakuna aliyemtuma kwa mdomo, ila utaratibu wetu ulimtuma. Matibabu, dola 140, tumelipa sisi. Kuanzia mwezi huu posho ni ya mwezi mzima, na uamuzi wa kufungua au kufunga kituo ni wa wale wawili wa meza, si wa ofisi. Wakibaki nyumbani hawakatwi hata senti.

Kati ya vituo 8, vitatu havikusimama siku hata moja isipokuwa ile Jumatatu na Jumanne. Nilipofika cha Keshero tarehe 31, nilimkuta mama wa pale amekaa kwenye kiti chake, hana mwavuli, hana kitabu, na foleni iko. Nikamuuliza klorini ameitoa wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Papa, usinikasirikie. Unga ulikuwa chini ya kitanda changu." Tangu Novemba alikuwa akibakiza kijiko kimoja kimoja kwenye chupa kavu ya plastiki, na depo ilipofunguliwa hakuurudisha, kwa sababu nauli ya pikipiki hadi huko ilikuwa inakula posho yake. Alikuwa amevunja kanuni tuliyojivunia, na kwa kuivunja aliwapa watu maji salama siku ambazo sisi wenye ufunguo hatukuweza kutoka ndani.

Bomba lake la sindano lilivunjika siku ya pili. Akapima kwa kizibo cha chupa ya maji. Nilikijaza kizibo kile mbele yake nikakipima: mililita 6 kikijaa pomoni, 5 ukiacha nafasi ya ukucha. Hesabu aliiweka kwa mkaa kwenye ukuta wa uzio, vijiti vinne na cha tano kikipita katikati. Tulihesabu pamoja. Zilikuwa bidoni 2,915 kwa siku tano. Nimepiga picha ule ukuta, na ndio rejesta yetu ya Januari.

1 Machi 2025: Bulengo imebaki wazi

Tarehe 9 Februari walioko Bulengo walipewa saa 72 waondoke, na kambi nyingine za pembezoni zikabomolewa siku hizo hizo. Watu walipakia mabati, magodoro na watoto, wakashika barabara ya Sake kurudi vijiji ambavyo vingine havina hata nyumba iliyosimama. Tulikosea kwa kusubiri. Siku nne tulikaa na meza Bulengo tukiamini baadhi watarudi, wakati wale wale watu walikuwa wanakunywa maji ya barabarani umbali wa kilomita chache. Kituo kinatakiwa kufuata watu. Meza inabebeka kwenye chukudu moja.

Vituo viwili vya Bulengo na kimoja cha Lac Vert vimefungwa, na waliovihudumia wamerudi kwao pia, maana nao walikuwa wakimbizi wa ndani. Mmoja wao alinipigia simu tarehe 19 kutoka Sake: "Papa, mimi nimefika nyumbani. Meza yangu iko wapi?" Tukampelekea.

Maji yake ni ya mto, na mvua ikinyesha yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mililita 5 zilisoma sifuri, 10 zikasoma sifuri. Kutia klorini kwenye tope ni kuitupa. Sasa wanaacha maji yatulie usiku kucha, wanamimina ya juu kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, ndipo wanatia mililita 8, na baada ya saa moja inabaki 0.5. Ni kazi mara tatu ya ile ya ziwani, na ameomba mtu wa pili wa meza. Tumemkubalia.

29 Machi 2025: pesa

Kama ningeulizwa nini kilikaribia kutuua, si mabomu. Ni kukosa pesa mkononi, tena pesa ambayo tulikuwa nayo kwenye akaunti.

Benki za Goma zimefungwa tangu mji ulipochukuliwa. Akaunti yetu ina dola 2,340 ambazo hatuwezi kuzigusa. Wiki ile ile ya vita ikaja barua kutoka kwa shirika kubwa lililokuwa likitupatia asilimia 40 ya bajeti: Marekani imesimamisha misaada ya nje kwa agizo la tarehe 20 Januari, kwa hiyo na wao wanasimamisha kazi. Barua ilisema tusitumie hata kilichobaki. Tulishazitumia, kwenye paja la kijana wetu.

Tulichojaribu, kwa mpangilio. Kwanza tulikopa kwa wauza duka tunaowajua, dola 300, tumeshalipa. Pili, ndugu walioko nje walituma kwa simu, lakini mawakala hawakuwa na taslimu, na waliokuwa nayo walikata dola 4 kwa kila 100, siku nyingine 6. Tatu, kuvuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kuzitoa huko na kurudi nazo. Hili lilifaa, ila safari ya kwanza tulirudi na dola 900 na noti tatu za mia zikakataliwa: mbili zilikuwa na mchaniko mdogo pembeni, moja ilikuwa na alama ya kalamu. Huku noti ikiwa na mkwaruzo tu watu hawaishiki. Tuliziuza kwa 85 kila moja, tukapoteza dola 45, yaani siku 18 za posho ya mtu mmoja. Sasa anayekwenda anashika kila noti, anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole pembe zote nne, kabla hajaondoka dirishani. Foleni nyuma yake isubiri.

Posho sasa tunatuma kwenye simu ya kila mmoja, wiki tatu kwa mkupuo, tukiongeza ada ya kutoa. Kwanza tulisahau ada. Mama wa Kituku ndiye aliyetuambia kwamba dola zake zilikuwa zinafika zimepungua, naye alisema baada ya mwezi mzima, kwa haya.

Mfadhili wetu mdogo aliyebaki alitaka karatasi za benki. Tulimwandikia kwa ukweli, tukapendekeza badala yake picha ya ujumbe wa simu, saini ya anayepokea na saini za majirani wawili wa kituo. Alikubali ndani ya siku tatu. Laiti tungemwomba mwezi mmoja kabla, tusingekaa tukihangaika na muhuri usiopatikana. Akina mama wa Kikongo wa kanisa moja ng'ambo wanatuchangia dola 350 kila mwezi. Vituo 6, watu kumi na wawili, dola 900 kwa mwezi: tunafika kwa shida, lakini tunafika.

17 Mei 2025: unga dhaifu

Hili ni kosa langu peke yangu.

Zile kilo 11 tulizozoa sakafuni Februari nilizitumia, ili nisinunue ndoo mpya ya dola 210 ambazo sikuwa nazo. Zilionekana kavu. Mwishoni mwa Aprili wakaanza kuniambia vituoni kwamba maji hayanuki tena, na wengine walifurahi. Nami nikaridhika, nikidhani watu wamezoea. Tarehe 9 Mei nikapima Kituku baada ya saa moja, kipima hakikubadilika rangi, ilikuwa kama maji matupu. Nikapima vituo vyote. Hakuna kilichopita 0.1.

Unga uliovuta unyevu hupoteza nguvu hata ukikauka tena. Kipimo ambacho ningekifanya kwa dakika tano ni hiki: tia mililita 1 ya myeyusho kwenye lita 20 za maji safi yasiyo na uchafu wowote, koroga, pima papo hapo. Myeyusho wa asilimia 1 utasoma 0.5. Wangu ulisoma karibu 0.15. Kwa muda wa wiki mbili au zaidi tuliwaambia watu maji yao yako salama, na hayakuwa.

Tulizunguka vituo vyote tukawaeleza waziwazi, tukasimama kando ya meza siku mbili. Wapo waliokasirika. Mzee mmoja alisema mtoto wake alikuwa ameharisha wiki ile, na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwomba radhi. Alirudi na bidoni yake kesho yake akataka kuona kipima kwa macho yake. Tangu siku hiyo kipima kinakaa mezani, na yeyote akitaka maji yake yapimwe, yanapimwa mbele yake.

Ndoo mpya tumenunua kwa 235. Unga mbovu tumeutumia kuoshea bidoni kwa changarawe hadi ukaisha.

5 Julai 2025: sanduku la siku 21

Tumemaliza kugawa kile ambacho mama wa Keshero alikianza chini ya kitanda chake. Kila kituo kina sanduku lake la plastiki lenye kifuniko kinachobana: chupa ndogo 7 kavu, kila moja ina gramu 150 za HTH, chupa moja kwa ndoo ya lita 10 inatoa asilimia 1 bila kupima kijiko. Ndani mna pia mabomba 4 ya sindano, kizibo chenye mstari wa mililita 5 uliochorwa kwa kisu, kipima na tembe 25, glavu, barakoa, kitabu, kalamu, na kipande cha mkaa. Kwa lita 3 kwa siku, sanduku linatosha siku 23. Sisi tunahesabu 21. Bila kipima, sanduku moja limegharimu dola 19.

Kulaza klorini nyumbani kuna hatari yake na hatukuifumbia macho. Chupa zinatundikwa juu, mbali na jiko, mbali na mafuta ya taa, sabuni na siki, na watoto wasifike. Kila chupa ina tarehe. Ikipita miezi mitatu inarudi kupimwa. Depo hatuna tena. Akiba imegawanywa nyumba tatu, kartye tatu. Makaratasi ya usajili vilevile: nakala zilizokuwa depo ziliraruliwa, zilizokuwa kwa dada wa uhasibu ndizo tunazoonyesha kila tunapoulizwa na wakuu wapya.

Wajitolea wote kumi na wawili sasa wanajua kupima bidoni tano na kuchagua dozi wenyewe. Mafunzo yalichukua asubuhi mbili na dola 48 za nauli na chakula.

Tarehe 27 Juni Kongo na Rwanda zimetia saini makubaliano ya amani Washington. Watu mezani wanatuuliza kama barabara zitafunguka. Tunaomba iwe hivyo kwa moyo wote, na masanduku tunaendelea kuyajaza ya siku 21.

Cha Keshero kinahama Jumatatu tarehe 7, mita 200 kuelekea magharibi, kwa sababu mfereji wa mvua umeanza kumwaga taka pale watu wanapochota. Mama wa pale ameshakwenda na bidoni tano, ametia 3, 4, 5, 6 na 7, akanitumia picha za rangi. Anasema 5 inatosha. Nimeangalia picha, nami nimeona 5.